Soksi ya Oregano

Mama mkwe wangu, Pelagia, hapimi kwa kijiko.
Anafikicha majani kwa viganja juu ya sufuria,
mara mbili kwa samaki, mara tatu kwa mbuzi,
na kwa nyanya na jibini hahesabu kabisa:
anafikicha mpaka amalize kusema
alichokuwa akisema.

Nilifika kwake mwezi wa pili,
theluji ingali mabegani mwa Taigeto,
nimetoka Jalisco na sanduku moja, mume mmoja,
na soksi ya sufi iliyofungwa fundo.
Ndani yake oregano ya kwetu,
ile mama anayotia kwenye posole.
Soksi ya pili aliibakiza Refugio, mama yangu,
ndani ya droo, bila kueleza.

Pelagia akafungua fundo. Akanusa. Akanusa tena,
kama mtu anayesoma barua ya deni.
"Hii si rigani," akasema,
akaifunga, akaniwekea mkononi.

Ilinichukua miezi kujua kwamba hakunitukana.
Bwana Thrasivulos, afisa kilimo kule Sparti,
alinichorea nyuma ya risiti:
huku yao, nduguye mnanaa na majoramu,
huku yetu, kichaka cha nchi kavu, majani manene,
hata binamu si binamu.
Wageni ndio walioiita oregano,
watu wenye njaa, waliokumbuka kwao kwa pua.
"Na hata hapa," akasema, "ziko na ziko.
Yenye maua ya waridi ni ya kutazama.
Yenye maua meupe ndiyo inayouma ulimi."

Nikanunua mbegu za maua meupe.
Mbegu zake ni vumbi. Ukizifukia hazioti,
zinataka kuliona jua ndipo ziamini.
Nilizinyunyiza juu juu, nikazuia pumzi.
Zilipoota nikazilea kama yatima wa kifalme:
samadi ya kondoo, maji asubuhi, maji jioni.
Mwezi wa saba ikanifika gotini,
inang'aa, imenona,
nikamwita mama mkwe aje aone.

Aling'ata jani. Akalitema.
"Umeishibisha," akasema.
"Sasa haina la kusema."

Kesho yake, kabla ya jua, akanipandisha mlimani,
miguu yake ya miaka sabini na sita ikinitangulia
kwa dharau kidogo.
Pale kwenye mawe, pasipo na mkono wa kumwagilia,
oregano nyembamba, kimo cha goti la mbuzi,
imejishikilia kwenye ufa.
Niliigusa tu, macho yakanitoka machozi.
"Kata ngumi moja juu ya ardhi.
Maua yawe ndiyo kwanza yanafumbua macho.
Mzizi usiuguse, mzizi ni wa mwakani."
Akawataja waliong'oa, jina kwa jina,
na kwa kila jina akatema mate.

Tulitundika mafungu kichwa chini
chumbani kwa marehemu Anargiros,
madirisha tumeyafunga, maana jua ni mwizi.
Kofia yake bado iko msumarini.
Wiki mbili tulilala ndani ya harufu ile
kama ndani ya kinywa cha mtu anayetaka kuongea.

Halafu Ijumaa moja ya mfungo, maharage.
Kijiko cha kwanza, nikasimamisha mkono.
Si rigani.
Ni jiko la Refugio, ni mvuke kwenye kioo,
ni redio yake yenye waya uliokatika.
Nikainua macho. Pelagia alikuwa akikata mkate
kwa uangalifu asiokuwa nao siku zote.
"Chumvi imezidi?"
"Haijazidi."

Usiku nikaipapasa soksi kabatini.
Ilikuwa nyepesi, imepungua zaidi ya nusu,
na fundo si nililolifunga mimi.

Nikakaa kitandani nikaandika:
Mama, ile ya pili iliyo kwenye droo,
ijaze, uitume.
Huku tunaimaliza.